Istilahi ngeni kwenye usaili wa kazi za kiufundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanaojiandaa kwa usaili wa kazi za programu, data, mitandao na uhandisi. Moja kuelekea mwisho ni la wanaosaili. Hayakupangwa kwa uzito, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye linalokusumbua. Mifano mingi ni ya programu, maana huko istilahi huzuka kila uchao, na nyingi ni mambo ya zamani yaliyovishwa jina jipya.

Istilahi moja inawezaje kumwangusha mtu anayeijua kazi?

Mtu aliyejifunzia kazini, hasa kwenye timu ndogo, anaweza kuwa ametatua tatizo fulani mara nyingi bila kulisikia likiitwa chochote zaidi ya "lile tatizo la malipo kujirudia". Siku ya usaili anakutana na jina rasmi la tatizo hilo, na halimkumbushi chochote. Tazama mfano huu, unaohusu API, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia kutuma maombi:

Msaili: "Hii API yako ya malipo ni idempotenti?"

Msailiwa, baada ya kimya kifupi: "Ndiyo. Tulitumia HTTPS, na kila ombi lina tokeni yake."

Amejibu habari za usalama, na hakuulizwa usalama. Msaili anaandika kitu kwenye daftari, anaendelea. Robo saa baadaye, akisimulia mradi wake, msailiwa huyohuyo anasema: "Mteja akibonyeza kitufe cha kulipa mara mbili, simu inatuma ombi lenye namba ileile. Seva inaikuta namba hiyo imeshashughulikiwa, inarudisha jibu la mwanzo, haikati hela tena."

Hiyo ndiyo idempotensi yenyewe. Operesheni ni idempotenti ikiwa kuirudia mara kumi kunaacha hali ileile ambayo ingeachwa na kuifanya mara moja. Neno lenyewe lilitoka kwenye aljebra, ambako Benjamin Peirce alilitumia mwaka 1870, na leo liko hata kwenye kanuni za HTTP, itifaki ya mawasiliano ya wavuti: maombi ya PUT (kuweka) na DELETE (kufuta) yanatakiwa kuwa idempotenti, POST (kutuma) haina ahadi hiyo. Msailiwa wetu alikuwa na jibu zuri kuliko la kitabuni. Lakini alilitoa wakati hakuna anayelisubiri, na msaili asiye makini hataunganisha maelezo ya sasa na swali la robo saa iliyopita.

Kutolijua neno kulimgharimu kidogo tu. Hasara kubwa ilitokana na kujibu swali ambalo hakulielewa, tena kwa sauti ya uhakika.

Nikisikia neno nisilolijua, niulize au nikisie?

Uliza, na uulize mapema. Ukiuliza mara tu swali linapotolewa, unaonekana mtu anayetaka kuelewa kabla ya kufanya. Ukiuliza baada ya kuongea dakika tano, inajulikana kuwa muda wote huo ulikuwa ukipapasa.

Kukisia kunaruhusiwa kwa sharti moja: kisia kwa sauti. "Nadhani unazungumzia ombi kutumwa mara mbili, nirekebishe kama sivyo" ni makisio ya wazi. Yakiwa sahihi umepona, yakiwa si sahihi unarekebishwa kabla hujapotea mbali. Makisio ya kimoyomoyo ndiyo yanayozaa majibu kama lile la HTTPS.

Niuliziaje bila kuonekana mbumbumbu?

Onyesha ulichonacho unapoomba usichonacho. Sentensi hizi zinafanya kazi, zibadilishe zikukae mdomoni:

"Neno hilo sijalizoea. Ukinipa mfano mmoja wa mahali linapotumika, naamini nitaweza kujibu."

"Kwenye timu yetu huenda tuliliita jina lingine. Unamaanisha pale seva mbili zinapokuwa na data zinazotofautiana kwa muda?"

"Dhana hiyo sijawahi kuifanyia kazi. Nikielezwa kwa kifupi, naomba niifikirie hapa hapa kwa sauti."

La kuepuka ni "sijui" iliyoachwa ikining'inia peke yake, maana inamlazimisha msaili kuamua kama afafanue au aruke, na wengi huruka. Lingine ni "hiyo nilisoma zamani, nimesahau". Hata kama ni kweli, limetumiwa na watu wengi mno kuficha mambo kiasi kwamba halina thamani tena.

Nisikudanganye: wapo wasaili watakaokukata alama kwa kuuliza tu. Huwezi kuwazuia. Ila msaili wa namna hiyo angekukata alama zaidi kwa jibu lililopotea, kwa hiyo hesabu haibadiliki.

Nitajuaje kama ninachokosa ni jina tu, au ni dhana yenyewe?

Omba uelezwe hali bila jina. Baada ya maelezo, ukijikuta una kisa cha kusimulia ("ahaa, hii ilitutokea kwenye ripoti za mwisho wa mwezi"), ulikosa jina. Ukijikuta unatikisa kichwa tu, umekosa dhana, na hapo kuna kazi ya kufanya.

Historia ya taaluma hii imejaa watu waliofanya jambo kabla halijabatizwa. Mwaka 1999 kivinjari cha Internet Explorer 5 kilikuja na uwezo wa ukurasa kuomba data kwenye seva bila kujipakia upya wote. Watengeneza tovuti wakautumia. Februari 2005 Jesse James Garrett akaandika makala na kuiita mbinu hiyo Ajax. Mtu aliyekuwa akiifanya kazi hiyo miaka yote, kama hakuisoma makala hiyo, angeulizwa "unaijua Ajax?" na angejibu hapana kwa moyo mweupe kabisa.

Dependensi injekshoni nayo ni hivyohivyo. Martin Fowler aliitangaza kwa jina hilo kwenye makala ya mwaka 2004, na jina linatisha kuliko jambo lenyewe: sehemu ya programu inapewa vifaa inavyohitaji kutoka nje badala ya kujitengenezea ndani. Kama umewahi kuipa klasi (kiolezo cha kuundia vitu vya programu) muunganisho wa hifadhidata kupitia konstrakta yake, ile sehemu inayokiunda kitu, umeshaifanya.

Yapo pia majina ambayo hata ukiyakodolea macho hayakupi fununu. Dainamiki programingi ni mbinu ya kuvunja tatizo kubwa katika matatizo madogo yanayojirudia, kuhifadhi jibu la kila dogo, na kulitumia tena. Hakuna chochote kwenye jina kinachosema hivyo. Richard Bellman, aliyeiasisi miaka ya 1950, alisimulia kwamba alitafuta jina lisilo na harufu ya utafiti, kwa kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani wa wakati huo hakutaka hata kulisikia neno utafiti. Kwa maneno mengine, msailiwa wa leo anahangaika na jina lililochaguliwa kumkwepa waziri.

Sasa upande wa pili. Ukielezwa dedloki, kwamba nyuzi mbili za programu (kazi mbili zinazoendeshwa kwa wakati mmoja) kila moja imeshika kufuli moja na inasubiri kufuli la mwenzake kwa hiyo zote zimekwama, na wewe hujawahi kuandika programu yenye nyuzi zaidi ya moja, hilo ni pengo halisi. Liseme, kisha fikiri. Ukipendekeza kwamba nyuzi zote zichukue makufuli kwa mpangilio mmoja ili zisisubiriane, umefika penyewe bila msaada, na msaili mwenye akili atathamini hilo kuliko fasili iliyokaririwa.

Kwa nini wakati mwingine nalijua neno vizuri, najibu vizuri, na bado naambiwa nimekosea?

Kwa sababu neno moja lina maana mbili au tatu kwenye taaluma hiihii, na wewe na msaili mmesimama kwenye maana tofauti. Huu ni mtego mbaya kuliko neno geni, maana neno geni angalau unajua kwamba hulijui.

Chukua uthabiti wa data (consistency), ile C ya kifupisho ACID, cha sifa nne za miamala ya hifadhidata, na ile C ya kifupisho CAP, cha mifumo ya data iliyotawanyika kwenye seva nyingi. Ni herufi moja na neno moja. Kwenye ACID, kifupisho kilichotolewa na Theo Härder na Andreas Reuter mwaka 1983, uthabiti maana yake muamala unaiacha hifadhidata ikiwa imetii kanuni zake: akaunti haiendi chini ya sifuri kama imekatazwa, oda haimtaji mteja asiyekuwepo. Kwenye CAP, dhana ya Eric Brewer ya mwaka 2000 ambayo Seth Gilbert na Nancy Lynch waliithibitisha mwaka 2002, uthabiti maana yake kila anayesoma anaona maandiko ya mwisho, utadhani data iko kwenye mashine moja tu. Mtu aliyefanya kazi miaka na hifadhidata moja kubwa ataeleza ya kwanza. Msaili anayejenga mifumo iliyotawanyika anasubiri ya pili. Wote wako sahihi, na mmoja wao atakosa kazi.

Hipu ni eneo la kumbukumbu ambako programu huomba nafasi inapoendelea kutembea. Hipu hiyohiyo ni muundo wa data wenye umbo la mti, uliobuniwa na J. W. J. Williams mwaka 1964 kwa ajili ya kupanga vitu kwa mfuatano. Havina undugu. Keneli kwa mtu wa mifumo endeshi ni kiini cha mfumo, na kwa mtu wa data ni fomula inayopima kufanana kwa vitu viwili. Patisheni inaweza kuwa kipande cha diski, kipande cha jedwali, au hali ya mtandao kukatika katikati seva zikashindwa kuonana.

Dawa yake ni fupi: taja maana uliyoichukua kabla hujaanza. "Nitajibu kuhusu hipu ya kumbukumbu, si muundo wa data." Inakugharimu pumzi moja.

Na kinyume chake, kitu kimoja chenye majina mengi?

Kipo, hasa ukihama fani. Uwiano wa wagonjwa wa kweli ambao kipimo kimewanasa, watu wa takwimu za tiba huuita sensitiviti. Watu wa mashine zinazojifunza huuita rikoli. Hesabu ni ileile hadi tone la mwisho. Mtu aliyetoka maabara akaenda kuomba kazi ya data anaweza kuulizwa rikoli ya modeli yake akabaki ameduwaa, ilhali amekokotoa sensitiviti tangu shuleni. Kwenye umeme, Mwingereza husema ethi pale Mmarekani anaposema graundi.

Ukihama fani, andaa jedwali dogo la majina ya fani yako ya zamani na yale ya unakokwenda. Ni maandalizi ya jioni moja, nami nayathamini kuliko kozi nyingi za kulipia.

Vifupisho je? Na maneno ambayo sijawahi kuyasikia yakitamkwa?

Kifupisho usichokijua kiulize bila aibu yoyote, kwa sababu hata walio kazini hawajui vyote. Vingine ni vya kampuni moja tu, na msaili amesahau kwamba nje ya jengo lao havina maana.

Ukikijua kifupisho, usifikirie kukitanua kunatosha. Watu hukariri SOLID, kanuni tano za kupanga programu, herufi kwa herufi, wanafika kwenye L na kutaja jina la Barbara Liskov, kisha kimya. Msaili anataka kusikia kwamba klasi ndogo ikiwekwa mahali pa klasi mama, programu iendelee kufanya kazi bila kushtuka, na mfano wa pale ilipovunjika. Ukisahau herufi moja lakini una mfano huo, uko mbele ya aliyekariri zote tano.

Matamshi yana vituko vyake. Aliyejifunza kwa kusoma huijua SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, kwa macho, akisikia "sikwel" anadhani ni kitu kingine. Matamshi hayo yana asili: lugha hiyo ilipotoka IBM mwaka 1974, mikononi mwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce, iliitwa SEQUEL, ikapunguzwa herufi baadaye kwa sababu jina lilikuwa alama ya biashara ya kampuni nyingine. Nginx, programu ya seva ya wavuti, hutamkwa "enjini eksi". Na ukiona k8s kwenye tangazo la kazi, ni Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi) iliyofupishwa: herufi nane za katikati zimetolewa, namba 8 ikawekwa badala yake.

Kwa hiyo sehemu ya maandalizi iwe ya kusikiliza. Tafuta mihadhara ya watu wa fani unayoiombea, usikie wanavyoyatamka wanayoyaandika.

Usaili ni kwa video na neno sikulisikia vizuri. Nifanyeje?

Omba aliandike kwenye gumzo la simu hiyo. Hakuna anayekasirika, na ukishaliona limeandikwa huenda ukagundua unalijua.

Je, nikariri orodha ya istilahi usiku wa kuamkia usaili?

Hapana. Fasili iliyokaririwa inajulikana kwa swali la pili. Ukisema "polimofizimu ni uwezo wa kitu kuchukua maumbo mengi", utaulizwa ulitumia wapi, na sentensi yako ya kitabuni haina pa kwenda.

Njia inayozaa matunda ni ndefu kidogo. Chukua tangazo la kazi, pigia mstari kila istilahi. Kwa kila moja andika sentensi moja inayoieleza bila kuitaja, kisha tukio moja la kazi yako linaloihusu. Zile zenye sentensi na tukio, achana nazo. Zenye tukio lakini huna sentensi, ni jina tu ulilokosa. Zisizo na vyote ndizo za kusoma, na mara nyingi ni chache kuliko ulivyoogopa.

Halafu fanya safari ya kinyume, ambayo watu wengi huiruka: anzia kwenye kazi uliyoifanya, utafute jina lake. Uliwahi kuhifadhi matokeo ya fomula nzito ili isikokotolewe tena kwa ingizo lilelile? Hiyo inaitwa memoizesheni, jina lililotokana na kazi ya Donald Michie ya mwaka 1968. Uligawa jedwali kubwa la wateja kwenye seva kadhaa kwa kufuata namba ya mteja? Ni shadingi. Uliachilia toleo jipya kwa watumiaji wachache kwanza, ukatazama, ndipo ukawapa wote? Nalo lina jina, kanari, kwa kumbukumbu ya ndege waliokuwa wakishushwa migodini kuwahi kunusa gesi ya sumu. Nyaraka za zana ulizotumia ndiyo mahali pa haraka pa kupata majina haya.

Yaseme kwa sauti. Neno ambalo halijawahi kupita mdomoni hugoma kutoka siku linapohitajika.

Niweke istilahi ngapi kwenye CV?

Zile tu unazoweza kuzungumzia kwa dakika tano bila kujikwaa. Kila neno la CV ni mlango uliomfungulia msaili, na ana haki ya kuingia. Ukiandika Kafka (mfumo wa kupitisha data kati ya programu) kwa sababu ilikuwepo kwenye mradi na wewe hukuigusa, ataanzia hapo hapo.

Ukitaka kuonyesha kwamba uliiona tu, andika hivyo: "timu ilitumia Kafka, mimi nilikuwa upande wa ripoti". Halikupunguzii kitu.

Je, kumwaga istilahi nyingi kunasaidia kuonekana mjuzi?

Kunasaidia kwa msaili ambaye naye hajui. Kwa anayejua, kila istilahi uliyoitupa inageuka swali.

Neno nalijua kabisa, lakini nikikaa mbele ya watu linapotea. Nina tatizo?

Huna. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na Microsoft waliwapa wanafunzi 48 wa kompyuta zoezi la kuandika programu ubaoni. Nusu walifanya mbele ya msaili huku wakieleza wanachowaza, nusu walifanya peke yao chumbani. Waliotazamwa walifanya vibaya sana, matokeo yao yakiwa chini ya nusu ya wenzao. Zoezi lilikuwa lilelile. Usaili wa aina hii hupima, pamoja na mengine, jinsi mtu anavyohimili kutazamwa, na sidhani kampuni nyingi zingekubali hilo zikiulizwa.

Lile neno lililo kwenye ncha ya ulimi nalo limechunguzwa. Roger Brown na David McNeill mwaka 1966 waliwasomea watu fasili za maneno adimu. Waliohisi neno liko kwenye ncha ya ulimi mara nyingi waliweza kukisia herufi yake ya kwanza, au lina silabi ngapi. Maana yake neno halijafutika, limegoma tu kutoka. Kwa hiyo usisimame kulisubiri. Sema: "Jina limenitoka, lakini ni ile hali ambapo..." na uendelee na maelezo. Mara nyingi msaili atakutajia mwenyewe, na unajibu "naam, hiyo" bila kupoteza chochote. Kinachoua ni kimya cha kulitafuta, maana msaili hawezi kutofautisha anayetafuta neno na asiyejua kitu.

Mimi ndiye msaili. Istilahi nizitumie au niziache?

Anza kwa kujiuliza unapima nini. Kama kazi inamtaka mtu asome nyaraka za itifaki fulani kila siku, kujua msamiati wake ni sehemu ya kazi, pima. Kama unataka kujua anavyotatua tatizo, istilahi ni kizuizi ulichokiweka mwenyewe njiani, na kitawaangusha waliojifunzia kazini kabla ya kuwaangusha wasiojua.

Tazama swali hili lilivyo na lilivyoweza kuwa. "Unaepukaje tatizo la N+1?" Anayelijua jina anajibu kwa sekunde kumi, asiyelijua anatoka jasho. Sasa liulize hivi: "Ukurasa wetu unaonyesha oda 100, kila moja na jina la mteja. Tukiangalia kumbukumbu za hifadhidata tunaona maulizo 101. Yametoka wapi, na utayapunguzaje?" Aliyewahi kukutana nalo atakwambia ulizo moja limeleta orodha na mengine 100 yamekwenda kuleta wateja mmoja mmoja, kisha atazungumzia kuunganisha majedwali au kuwaleta wateja wote kwa mkupuo. Aliyekariri jina tu atababaika. Swali la pili limepima zaidi, na ukitaka bado unaweza kumalizia kwa kuuliza kama analijua jina la tatizo hilo.

Swali liwe lilelile kwa wote, na vigezo vya alama viandikwe kabla hujamwona yeyote. Andika na kile utakachosema mtu akikuuliza maana ya neno. Ukimfafanulia mmoja kwa sentensi tatu na mwingine kwa neno moja, huwezi tena kuwalinganisha. Na ukijua kwamba unatumia vifupisho vya ndani, mpe mwenzako asiye wa timu yako ayasome maswali kwanza. Wewe mwenyewe huvisikii tena.

Mtu akikuuliza maana ya istilahi, usilihesabu kama kosa. Kazini ungependa akuulize kabla hajavunja kitu.

Zipo istilahi ambazo sina udhuru wa kutozijua?

Zipo. Ni zile za zana unayosema umeitumia kila siku, na za msingi wa kazi unayoiomba. Anayeomba kazi ya hifadhidata akashangaa kusikia indeksi au muamala hawezi kusema ni jina tu lililompita. Vivyo hivyo mtu wa mitandao na anwani ya IP, au mhandisi wa programu na gharama ya algoriti. Huyu wa mwisho hahitaji kukumbuka kwamba alama ya O kubwa ilianzia kwa Paul Bachmann mwaka 1894, lakini aeleze kwa nini kitanzi ndani ya kitanzi kinaumiza data ikiongezeka.

Msaili mwenyewe akiitumia istilahi vibaya, nimrekebishe?

Jibu alichokusudia, ukitaja maana yako: "Nikichukulia unazungumzia kuthibitisha mtu ni nani, na si kumpa ruhusa ya kufanya jambo, basi..." Hayo mawili huchanganywa kila siku, hata na wazoefu. Akiwa na akili atajirekebisha. Asipojirekebisha, usibishane, weka kumbukumbu, kwa kuwa na wewe uko hapo kuwapima.

Nimetoka, nikaangalia neno lile, kumbe nalijua. Niwaandikie?

Waandikie siku hiyohiyo, mistari michache: "Uliniuliza kuhusu idempotensi na jibu langu lilielekea kwenye usalama. Nimegundua ni kile nilichokieleza kwenye mradi wa malipo: namba moja kwa kila ombi, ili likirudiwa seva isikate hela tena. Asante kwa swali." Usieleze ulivyochoka wala ulivyosafiri, wala usiambatishe kurasa za nadharia.

Baadhi ya wasaili huwa wameshafunga alama zao, na ujumbe hautabadilisha kitu. Wengine huwa na kikao cha kuamua kesho yake, na sentensi hizo chache husomwa pale. Ukikosa kazi, omba kujua neno au eneo lililokupunguzia alama. Wengi hawatajibu. Wakijibu, hilo ndilo la kuanza nalo kwenye lile zoezi la tangazo, sentensi na tukio, kabla ya usaili unaofuata.